Nyumba ya Wawili, Kitabu cha Jina Moja

Mwisho wa mwezi ukikaribia, hasa Jumapili baada ya ibada, utawaona wawili wawili wakikata vichochoro vya Kibera na Kawangware, macho wameyainua kwenye milango ya mabati na roshani za gorofa. Wanatafuta nyumba. Mmoja ameshika simu, mwenzake amembeba mtoto mgongoni. Wakifika penye kipande cha mbao kilichoandikwa kwa brashi kwamba nyumba iko, husimama na kutazamana kabla ya kumwita keateka, mwangalizi wa nyumba. Katika kutazamana huko hupita hesabu nzima: kodi, nauli, maji, choo, majirani, shule ya mtoto, na umbali wa kwa mama mkwe, ambao si lazima uwe mfupi.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo ninachotaka kukitumia hapa. Kwa zaidi ya miaka 20 serikali imekuwa na mpango, tena mpango juu ya mpango, wa kuwatoa watu hawa kwenye mabanda na kuwaingiza katika nyumba za mawe. Miradi hiyo hukaguliwa kwa idadi ya nyumba zilizokamilika, fedha zilizotumika na vigogo waliokata utepe. Ni nadra kukaguliwa na wale wawili waliosimama mlangoni wakiulizana, "Hapa tutaweza?"

Tuanze na miguu yao. Kibarua wa Kibera anayefanya kazi Industrial Area, au Indastri kama wanavyoiita wenyewe, huondoka kabla jua halijatoka akafuata reli kwa miguu, maana nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula chake cha mchana. Mkewe, ikiwa anaishi kwa kufulia watu nguo, riziki yake iko Kileleshwa na Lavington, ambako akina mama huketi asubuhi kando ya barabara wakisubiri mwajiri wa siku hiyo. Kawangware imepakana na Lavington. Mama wa Gatina au wa Stage 46 hufika huko kwa miguu bila kutoa shilingi. Basi Kibera humfaa baba, Kawangware humfaa mama. Wakihamia Kawangware, baba atapanda matatu hadi mjini na huko mjini aanze safari nyingine ya kuelekea viwandani. Wakibaki Kibera, mama ndiye atakayeamka mapema zaidi, na mvua ikinyesha matatu zikapandisha nauli, siku hiyo ya kufua imekwenda bure.

Nimewasikiliza wengi wakibishana juu ya jambo hili na aghalabu mwenye kibarua cha kila siku ndiye hushinda, hata kama mwenzake huleta nyumbani pesa nyingi zaidi kwa wiki. Ushindi huo hauna haki sana, lakini angalau umejadiliwa. Mradi wa serikali haujadili. Mradi huja na ramani, na kwenye ramani familia ni nukta moja, yenye kazi moja, yenye mkuu mmoja.

Mradi ulioonyesha hayo wazi kuliko yote ni ule wa Soweto Mashariki, Kibera. Mbegu yake ilipandwa mwaka 2000, wakati wa Rais Daniel arap Moi, kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Serikali ya Mwai Kibaki ikatia saini makubaliano mapya na UN-Habitat, shirika la makazi la umoja huo, mwaka 2003, na mwaka uliofuata Mpango wa Kuboresha Mitaa ya Mabanda, KENSUP, ukazinduliwa rasmi. Wakazi wakahesabiwa. Ikakubaliwa kwamba Soweto Mashariki igawanywe kwa maeneo: watu wa eneo la kwanza wahamishwe kwa muda, mabanda yao yabomolewe, gorofa zijengwe palepale, kisha warudi. Septemba 2009 wakafunga virago. Waziri Mkuu Raila Odinga alikuwapo siku hiyo, malori yakipakia magodoro na makabati kwenda gorofa za muda za Lang'ata, nyumba 600 zilizojengwa kwa kazi hiyo.

Muda wenyewe ukageuka kuwa miaka. Wenye mabanda, ambao wengi hawakuwa wakiishi Soweto bali walikuwa wakikusanya kodi tu, walikwenda mahakamani, na kesi hizo zikasimamisha kazi. Ujenzi ulizinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2012. Rais Uhuru Kenyatta ndiye aliyekabidhi funguo za nyumba 822, mwaka 2016. Kati ya lori la kwanza na funguo ilipita miaka saba.

Sasa ziangalie familia zile ndani ya miaka hiyo. Nyumba za Lang'ata zilikuwa na vyumba vitatu, jiko na choo ndani, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka Soweto lilikuwa neema kubwa. Lakini mara nyingi kila chumba kilipewa familia yake. Kodi ilikuwa shilingi 1,000 kwa chumba kwa mwezi, nafuu ya kweli, na familia tatu zikachangia jiko moja na choo kimoja. Wanaume waliozungumza na waandishi wa habari miaka ile walisifu maji ya mfereji na taa. Wake zao waliizungumzia zaidi zamu ya jikoni. Kupika ukiwa umezungukwa na wake wawili usiowachagua, kila mmoja na sufuria yake na mtoto wake anayelia, ni maisha yanayohitaji moyo. Banda la Soweto lilikuwa futi 10 kwa 10, lakini jiko lilikuwa lako. Ukiunguza ugali, aibu ni yako na mumeo.

Halafu kuna ndoa zenyewe. Orodha ya waliohesabiwa iliganda kama picha ya kitambulisho, huku watu wakiendelea kuishi. Kijana aliyehesabiwa akiwa kapera ameoa. Mke aliyehesabiwa chini ya jina la mumewe ameachika, na jina lililoandikwa kuwa la mkuu wa nyumba si lake. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 2009 alikuwa shule ya msingi funguo zilipotolewa, na nyuma yake wamezaliwa wengine. Nyumba ya chumba kimoja iliyowatosha wawili mwaka wa kuhesabiwa haiwatoshi watano. Sioni kosa la mhandisi yeyote hapo. Saruji yake ilikauka kwa wakati unaofaa. Mpango wa nyumba wenye kuchukua zaidi ya mwongo mmoja unajengewa watu ambao hawapo tena, kwa maana kwamba wamekuwa watu wengine.

Bei nazo zikaja. Chumba kimoja shilingi 600,000, viwili milioni 1, vitatu milioni 1.35, kulipwa polepole kupitia chama cha ushirika cha nyumba, baada ya kutanguliza asilimia 10. Nyumba nyingi zilikuwa za vyumba viwili. Kwa mtu wa mshahara bei hizo ni za kuchekesha jinsi zilivyo chini. Nairobi hupati kiwanja cha maana kwa pesa hiyo. Kwa baba wa Indastri na mama wa kufua, 100,000 za kutanguliza kwa nyumba ya vyumba viwili ni akiba ya miaka, na wawe hawajauguliwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana ilianza mapema, tangu Lang'ata, ile tabia iliyowakasirisha sana maafisa: mtu anapewa chumba, anampangisha mwingine mwenye kipato kizuri, yeye anarudi mabandani na kula tofauti ya kodi. Maafisa waliiita tamaa. Mimi naiita hesabu ya mezani, iliyofanywa usiku na mume na mke. Kule bandani mama alikuwa na kibanda cha omena mbele ya mlango. Gorofa ya nne haina mbele ya mlango. Wateja wake hawapandi ngazi kutafuta omena. Ukiongeza alichokuwa akiuza kwa siku juu ya kodi atakayoipokea, kurudi Soweto Magharibi au Gatwekera ndiko kunakolipa karo. Wenye umri wanakumbuka pia jirani yao Nyayo Highrise, nyumba ambazo wakati wa Moi zilisemwa kuwa za watu wa Kibera, zikaishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati. Historia hiyo iko ng'ambo ya barabara tu, inaonekana dirishani.

Nisiwe mnyimivu wa sifa. Kuna vitu vidogo vya miradi hiyohiyo vilivyobadilisha kabisa namna wapenzi wanavyochagua chumba Kibera, na havikuhitaji utepe mrefu. Kuanzia mwaka 2007, mradi wa maji na usafi wa UN-Habitat na shirika la Maji na Ufanisi ulijenga vyoo vya jamii Soweto Mashariki, pamoja na barabara inayopita katikati ya kijiji. Pia kuna zile taa ndefu ambazo Nairobi nzima inaziita Mulika Mwizi. Mwaka 2010 Amnesty International ilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa mabanda ya Nairobi, nayo ilisema jambo ambalo kila mama wa Kibera alikuwa akilijua: kwenda chooni usiku ni hatari, na wengi hawathubutu. Ndiyo maana, mume akiwa ndani anapima kama kitanda cha tano kwa sita kitaingia na kabati libaki na nafasi, mke ametoka nje anahesabu hatua hadi chooni na kuangalia kama mwanga wa Mulika Mwizi unafika kichochoroni. Chumba cha bei ya chini kilicho gizani hukataliwa papo hapo. Mume asiyemwelewa mkewe hapo atahama tena baada ya miezi mitatu.

Kawangware ni hadithi nyingine, kwa sababu ya ardhi. Kibera ni ardhi ya serikali. Aliyejenga banda ana banda, hana udongo. (Jamii ya Wanubi, waliokuwapo Kibera tangu enzi za askari wa King's African Rifles, walipewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 baada ya kudai kwa vizazi.) Kawangware, upande wa Dagoretti, ni mashamba ya familia yaliyomegwa vipande na kurithiwa, kila kipande na mwenyewe. Huko serikali haina pa kuanzia kubomoa na kujenga upya. Anayeboresha makazi ni mwenye ploti mwenyewe: mwaka huu ana vyumba 12 vya mabati vinavyotazamana na bomba moja katikati ya ua, miaka miwili baadaye ameangusha vyote akasimamisha gorofa sita. Mpango wake hauna kifupisho cha herufi kubwa, lakini unatekelezwa kwa kasi ambayo wizara ingeionea wivu. Wapangaji wa mabati hupewa notisi ya mwezi, wakibahatika. Hakuna Lang'ata ya kuwasubirishia.

Gorofa hizo ndizo wapenzi wanazopanda na kushuka Jumapili mchana. Ukitaka kuona jinsi mradi unavyokaguliwa, wafuate ndani ya bedsita moja ya orofa ya tatu karibu na soko. Keateka anafungua, anawasha taa, anasema neno lenye kuuza nyumba kuliko yote Kawangware: "Choo iko ndani." Mama anaingia bila kujibu. Anafungua bomba, halitoi kitu.

"Keateka, maji huja lini?"

"Maji iko, mama. Jumanne na Ijumaa. Siku zingine kuna ya borehole."

"Ya chumvi?"

"Kidogo tu."

Mama ananyoosha shingo nje ya dirisha. Dirisha linatazamana na ukuta wa gorofa jirani, mkono unaweza kuugusa. Nguo zitakauka wapi? Kwa mtu anayeishi kwa kufua, hilo si swali la urembo, maana nyingine huzibeba kuja kufulia nyumbani. Baba yuko kwenye mita ya stima, anauliza kama tokeni ni ya kila nyumba au ya pamoja. Ya pamoja huleta vita kila wiki, kwani yupo jirani mwenye friji na mwenye koili ya kuchemshia maji. Kisha anasukuma mlango wa mbao kwa bega, polepole, kuona bawaba. Kona ya dari ina doa la unyevu lililopakwa rangi juzi. Wote wawili wameliona, hakuna anayelitaja mbele ya keateka. Ni silaha ya kupunguzia bei, na itatolewa ngazini.

Wenye uzoefu huangalia pia nje, kwenye ukuta wa barabarani, kama kuna alama ya X. Alama hiyo Nairobi ina maana moja: kubomolewa. Julai 23, 2018, tingatinga ziliingia Kibera alfajiri kusafisha njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walikosa makao, na shule zikabomolewa pamoja na nyumba. Kati ya waliolala nje kuna waliokuwa wamelipa kodi ya mwezi huo. Barabara ni mradi pia, tena mzuri. Msongamano ulihitaji njia hiyo. Mpangaji tu ndiye hakuwa na mahali kwenye michoro, kwa sababu fidia humtafuta mwenye jengo.

Hapo tunafika kwenye jina. Wapenzi wengi wanaotafuta nyumba sehemu hizi wanaishi kwa utaratibu wa njoo-tuishi: hawajaenda kwa wazee wala kwa msajili, mwaka wa kwanza umepita, mtoto amezaliwa, mambo yanaendelea. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya watu wawili wa aina hiyo, waliotajwa kwa herufi tu, MNK na POM. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi bila ndoa, na walichokuwa wakigombania ni kiwanja cha Riruta, Dagoretti, yaani mtaa wa pili kutoka Kawangware. Mahakama ilikataa kuwadhania kuwa mume na mke. Lakini haikumwacha mikono mitupu yule ambaye jina lake halikuwa kwenye hati: iliona kwamba wote wawili walichangia, ikagawa asilimia 70 kwa mama, 30 kwa baba. Siku hiyohiyo, katika kesi nyingine iliyowahusu waliooana kisheria, mahakama ilisema ndoa haimpi mtu nusu moja kwa moja. Athibitishe alichoweka, ikiwemo kazi ya nyumbani na malezi.

Maamuzi hayo yanazungumzia mali, wala hayamgusi mpangaji wa bedsita kwa leo. Lakini miradi mipya inataka kumfanya mpangaji awe mwenye nyumba, na hapo yatamgusa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 19, 2024, miezi michache baada ya Mahakama Kuu kuitangaza tozo ya awali ya nyumba kuwa kinyume cha Katiba. Sasa kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Soweto Mashariki imo tena kwenye orodha: eneo B, nyumba 4,054, mradi uliozinduliwa na Rais William Ruto mwishoni mwa 2022. Anayetaka nyumba hujiandikisha kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, kwa nambari ya kitambulisho chake. Nyumba za jamii zimetengewa mtu mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi.

Soma tena: mtu. Baba akipata 15,000 na mama 12,000, kila mmoja peke yake anastahili nyumba ya jamii. Wakijitambulisha kama nyumba moja, wana 27,000. Wapenzi wa Kibera si wajinga. Wanajua kwamba ni bora kuwa makapera wawili kwenye simu kuliko familia moja kwenye fomu. Kila mmoja atajiandikisha kivyake, nani apate kwanza ni bahati, na ile nyumba itakuja na jina moja. Nina shaka kama aliyeandika kifungu hicho aliwahi kutafuta chumba akiwa na mtu wa kumuuliza, "Wewe unaonaje?" Kungekuwa na njia rahisi ya kuwaandikisha wawili kwa pamoja tangu siku ya kwanza, na ya kubadilisha maandishi hayo maisha yao yanapobadilika, kesi kama ile ya Riruta zingepungua. Haigharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Wengine wameanza kujitafutia njia. Kwenye ngazi za gorofa moja ya Gatina nilisikia mabishano yaliyonifurahisha. Doa la dari lilikuwa limeshatumika, kodi imeshushwa kwa mia tano, kilichobaki ni kutuma pesa: kodi ya mwezi na nyingine kama hiyo ya dipositi. Baba alikuwa ameshafungua M-Pesa.

"Ngoja, baba Shiko," mkewe akasema. "Wewe tuma kodi. Dipositi natuma mimi."

"Si ni pesa ileile?"

"Ndiyo. Lakini dipositi ndiyo hurudishwa siku ya kuhama. Nataka irudi kwangu."

Keateka akalalamika kwamba meseji mbili zitamchanganya mwenye ploti, kitabu chake kina mstari mmoja kwa kila nyumba. Mama akamwomba kitabu, akachukua kalamu, akagawanya mstari huo kwa mkwaju katikati, akaandika majina mawili kwa herufi ndogo zilizobanana lakini zinazosomeka. Kisha akauliza ufunguo wa pili uko wapi.